Minofu Ilikwenda, Mifupa Ikabaki

Tarehe 20 Desemba 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali Waingereza walipopaita Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Historia ya mji huu kwa kawaida huanzia hapo: bandari, meli, soko, maduka ya Wahindi, ofisi za serikali. Lakini ziwa nalo lina historia yake, na humo siku ile ina maana nyingine. Kwa mara ya kwanza, ngege, yaani tilapia, aliyevuliwa katika Ghuba ya Winam pale Kisumu aliweza kuliwa na mtu asiyejua Winam iko upande gani wa dunia.

Kabla ya reli, Waluo wa ufuoni, Wanyala wa mdomo wa Nzoia na Wasuba wa Rusinga na Mfangano walivua kwa mitego ya mafunjo, kwa mishipi, na kwa uzio uliokingamizwa mitoni. Uzio ulikuwa na wenyewe, na mwenye uzio alijulikana. Masika yalipofurisha Nzoia, Yala, Nyando na Sondu, samaki waitwao ningu walipanda mito kwenda kutaga, na huo ndio uliokuwa msimu wa shibe. Hakuna haja ya kuwafanya wazee wale malaika. Walivua kiasi kile kwa sababu mafunjo hayana nguvu ya kuvua zaidi, na kwa sababu samaki asiyeliwa, asiyekaushwa wala kubadilishwa kwa mtama alikuwa hasara tupu. Kikomo cha uvuvi kilikuwa tumbo la jirani.

Mwaka 1905 nyavu za kunasa, zilizofumwa Ulaya kwa nyuzi za kitani, ziliingizwa katika ghuba. Inakadiriwa kwamba mwanzoni wavu mmoja uliotandazwa jioni ulitoa ngege kati ya 50 na 100 asubuhi yake. Samaki walipelekwa stesheni, wakapakiwa behewani, wakala njia ya Nairobi. Fedha zilionekana, watu wakanunua nyavu, na kila wavu mpya uligawana samaki wale wale. Haikupita miaka 25 kabla ya wavuvi kuanza kurudi na nyavu nyepesi.

Serikali ya kikoloni ilimtuma mtaalamu wa samaki, Michael Graham, kulipima ziwa mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ya 1929 ilisema mambo mawili yanayostahili kukumbukwa. La kwanza, ngege wanavuliwa kupita kiasi, hivyo matundu ya wavu yasiwe chini ya inchi 5 ili samaki mdogo apite akakue. La pili, isithubutiwe kutia ndani ya ziwa hili samaki mkubwa mla samaki kutoka maziwa mengine bila utafiti wa kina, maana hakuna ajuaye atakula nini na atakoma wapi. Ushauri wa kwanza ulifanywa sheria katika miaka ya 1930, ukavunjwa kimyakimya na kila aliyeweza, kisha ukafutwa rasmi: Uganda na Tanganyika mwaka 1956, Kenya mwaka 1961. Nyavu za nailoni zilikuwa zimeshafika, ni imara na hazionekani kwa urahisi majini, na matundu yakapungua kila mwaka. Ningu, waliokuwa wakipanda mito kwa makundi, walikingwa midomoni mwa mito kabla hawajataga, wakaisha. Ushauri wa pili yakaukuta makubwa zaidi.

Bonde linalolisha ghuba

Kabla ya kumfikia mbuta, samaki mgeni aliyetiwa humo, inabidi tupande kidogo nchi kavu, kwa sababu ziwa hili halikuharibiwa na wavuvi peke yao.

Ghuba ya Winam ni kidole chembamba cha maji, kina chake ni kifupi, na mlango wake wa kuingilia ziwa kubwa ni mwembamba. Kinachotiririshwa humo na mito hakiondoki upesi. Mwaka 1922 kiwanda cha sukari cha Miwani kilianzishwa katika Uwanda wa Kano, chini ya milima ya Nandi, kwenye ardhi ambayo walowezi wa Kihindi walikuwa wameanza kuilima tangu mwanzo wa karne. Baada ya uhuru serikali mpya ilitaka nchi ijitosheleze kwa sukari, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 vikafuata viwanda vya Muhoroni na Chemelil. Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji iliundwa mwaka 1966, na kufikia mwisho wa muongo mradi wa mpunga wa Ahero ulikuwa umefunguliwa, ukifuatwa na ule wa Kano Magharibi katika miaka ya 1970.

Yote haya yalikuwa na sababu nzuri, na wengi waliyapokea kwa mikono miwili. Mkulima wa miwa alipata fedha za karo, mji wa Muhoroni ulipata umeme na hospitali. Lakini miwa huliwa na kiwanda kimoja, na mwenye miwa hana pengine pa kuipeleka. Kiwanda kikichelewa kulipa, mkulima hungoja, na miwa ikikauka shambani hasara ni yake. Mpangaji wa Ahero aliyepewa ekari 4 alilima kwa ratiba ya ofisi, akakatwa gharama za maji, mbolea na trekta kabla ya kuona fedha yake. Miwani ilifungwa, na Muhoroni ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2001. Deni la miwa iliyokwisha kusagwa likawa habari ya kila msimu.

Wakati huo huo mto Nyando ulikuwa ukibeba upande mwingine wa hesabu. Misitu ya juu ilikatwa ikawa mashamba ya mahindi na chai, mabondeni vinamasi vya mafunjo, ambavyo kazi yake ilikuwa kuyachuja maji, vikakaushwa vikalimwa. Maji ya viwanda vya sukari na vya pombe kali inayotengenezwa kwa molasi yaliingia mitoni yakiwa meusi na ya harufu. Mbolea ya mashambani na kinyesi cha mji wa Kisumu vilifuata njia hiyo hiyo. Udongo nao ukaondoka. Ukienda Nyakach leo utaliona korongo la Katuk Odeyo, ardhi iliyopasuka ikazama hadi miti mizima ikasimama chini ya usawa wa macho ya mtu aliyeko ukingoni. Udongo uliokuwamo humo haukupotea. Uko ghubani, umeyageuza maji rangi ya chai ya maziwa.

Watafiti waliochimba matope ya chini ya ziwa na kuyasoma tabaka kwa tabaka waligundua kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1920 na 1930, yaani sambamba na kulimwa kwa nchi ya pande zote za ziwa. Mwani mwingi ukifa huoza, na unapooza humaliza hewa ya majini. Kwa hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilikuwa limeanza kukosa pumzi chini kabisa, kwenye vilindi, kabla ya jambo hilo kuonekana juu.

Mgeni njoo

Mbuta, ambaye Tanzania humwita sangara, hakuwa samaki wa ziwa hili. Alikuwa wa Ziwa Albert na Turkana, samaki awezaye kuzidi kilo 100, mla samaki wenzake. Katika miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi wa Uganda waliliangalia Ziwa Victoria wakaona limejaa fulu, visamaki vidogo vyenye mifupa mingi, aina zaidi ya 500 ambazo nyingi hazipatikani pengine popote duniani. Machoni mwao huo ulikuwa utajiri uliolala. Afadhali, walisema, fulu waliwe na samaki mkubwa, na samaki mkubwa auzwe. Wanasayansi wa kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki kilichokuwa Jinja walipinga, na mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika hoja zake waziwazi mwaka 1960: samaki aliye juu ya ngazi ya mlo hawezi kutoa uzito mkubwa kuliko wale anaowala.

Mjadala ulikuwa bado haujaisha wakati mbuta alipoonekana ndani ya ziwa. Baadaye ilikuja kuelezwa kwamba maofisa wa Uganda walikuwa wameshaanza kumtia kwa siri tangu 1954. Kwa kuwa maji yalikwisha kumwagika, mwaka 1962 na 1963 mbuta wakatiwa rasmi, Entebbe na hapa Kisumu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji hakuulizwa.

Kwa karibu miaka 20 hakuna kilichotokea. Mvuvi wa Winam angeweza kumaliza mwezi bila kumwona mbuta. Halafu, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, ghuba ya Kenya ikalipuka. Nyavu zilizokuwa zikileta fulu na ngege zikaanza kuleta mbuta tu, wakubwa kwa wadogo. Samaki waliovuliwa upande wa Kenya, ambao katika miaka ya 1970 hawakufika tani 30,000 kwa mwaka, walikaribia tani 200,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa lote, na hata hivyo ufuoni kulijaa mitumbwi, mashine za boti na vijana waliotoka bara kutafuta riziki.

Fulu wakatoweka. Aina zisizopungua 200 zinadhaniwa kuisha kabisa, na wataalamu wanakutaja kutoweka huko kuwa miongoni mwa maangamizi makubwa kabisa ya wanyama wenye uti wa mgongo katika zama zetu. Ngege wa asili naye akaisha, maana alikwisha kudhoofishwa na nyavu, kisha akakutana na mbuta, na juu yake akaja ngege mwingine wa kuletwa, yule wa mto Nile, aliyetiwa ziwani katika miaka ile ile ya 1950. Ndiye huyo anayeletwa mezani leo kwenye vibanda vya samaki pale ufukweni Kisumu, mzima, amekaangwa, kwa ugali na sukuma. Wengi wanaomla humdhani mwenyeji.

Mwanzoni watu wa Nyanza hawakumpenda mbuta. Ana mafuta mengi na ni mkubwa mno. Fulu alikaushwa kwa kuanikwa juani juu ya mawe, kazi ya mwanamke yeyote mwenye beseni na siku mbili za jua. Mbuta ukimwanika anaoza. Lazima akatwe vipande akaangwe kwa mafuta yake mwenyewe au abanikwe kwa moshi, na moshi unataka kuni. Miti ya ufuoni na visiwani ikaingia jikoni. Mwanamke aliyefanya biashara ya samaki bila mtaji sasa alihitaji sufuria kubwa, kuni za kununua na fedha za kununulia samaki mmoja aliye mzito kuliko mtoto wake.

Hata hivyo wakajifunza, na kwa miaka michache ya mwanzo ya muongo wa 1980 mbuta alikuwa neema ya watu wa chini. Alikuwa bei rahisi, alishibisha, aliuzwa mpaka Busia na Nairobi. Nyumba za mabati zilijengwa, watoto walikwenda sekondari. Historia inayosema mbuta alileta balaa tangu siku ya kwanza haisemi kweli. Mambo yaligeuka viwanda vilipokuja.

Kiwanda na mifupa

Kiwanda cha samaki hakipiki. Hununua mbuta mzima, humchuna minofu miwili, huigandisha na kuipakia kwenye maboksi. Viwanda vya kwanza vya Kisumu vilianza mapema katika miaka ya 1980, na kabla muongo haujaisha vilikuwa vimeenea Homa Bay na Migori. Minofu ilikwenda Ulaya, Israeli na kwingineko, ikiwa nyeupe, haina mwiba wala harufu, ikauzwa kwa watu ambao samaki wao wenyewe wa baharini walikuwa wamepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi. Mabondo, kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki, yalikaushwa yakapelekwa China na Hong Kong.

Mtindo wa kununua ulibadilika pamoja na mnunuzi. Lori lenye barafu likawa linangoja ufuoni alfajiri. Wakala wa kiwanda alimkopesha mvuvi wavu na mashine, na mvuvi akalazimika kumuuzia yeye peke yake kwa bei aliyoitaja yeye. Mchuuzi wa kike aliyezoea kukutana na mtumbwi maji yakiwa kiunoni, akachagua samaki na kulipa jioni baada ya kuuza, alikuta samaki ameshanunuliwa kabla hajavuliwa.

Kilichobaki kilikwenda Obunga. Huo ni mtaa wa vibanda ulio karibu na eneo la viwanda la Kisumu, na kwa miongo kadhaa umeishi kwa kile kilichotupwa na viwanda hivyo: kichwa, uti na mkia vikiwa bado vimeshikana, nyama kidogo imesalia kati ya mbavu. Watu wamekipa jina la mgongo wazi. Huletwa kwa pikapu au mkokoteni, ungali na barafu ya kiwandani, wanawake wakagombea mafungu. Huoshwa, huanikwa kwenye vichanja vya miti mpaka uwe mkavu kiasi, kisha hutumbukizwa kwenye karai la mafuta yanayochemka juu ya moto wa kuni au vumbi la mbao. Kichwa kinahitaji muda zaidi kuliko uti. Moshi wake ni mzito na wenye mafuta, hushika nguo, nywele na mabati ya nyumba, na macho ya mkaangaji huwa mekundu kabla ya saa sita. Ukiiva, mbavu hutafunika kama chipsi, na mama aliyeununua hutengeneza mchuzi wenye ladha ya samaki kwa watoto watano.

Kisha hata mifupa ikapata mshindani. Viwanda vya kusaga chakula cha mifugo viligundua kwamba mgongo wa mbuta na omena mkavu ni protini ya bei nafuu kwa kuku na nguruwe. Omena, kisamaki kisichozidi urefu wa kidole, ndicho chakula cha mwisho cha samaki kilichobaki katika uwezo wa maskini wa Nyanza. Sasa sehemu kubwa ya omena wanaovuliwa, kwa makadirio mengi zaidi ya nusu, huishia katika vyakula vya mifugo. Kuku wa Kiambu na mtoto wa Obunga wanashindania fungu moja, na kuku ana fedha zaidi nyuma yake.

Bei inayolipwa ufuoni

Samaki alipoanza kupungua, jambo lililoanza kuonekana katika miaka ya 1990, kila kiungo cha mnyororo kilisukuma hasara kwa kilicho chini yake. Kiwanda kilibana wakala, wakala akabana mvuvi. Mvuvi alikuwa na wa kumbana pia.

Katika fuo za Winam ulienea mpango uitwao jaboya: mwanamke anayetaka samaki wa kuuza huhakikishiwa fungu na mvuvi, na malipo yake si fedha peke yake bali mwili. Mvuvi huhama ufuo na ufuo akifuata samaki, kila ufuo ana mwenzake. Virusi vya UKIMWI vilipita katika mtandao huo kwa urahisi uliotisha. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulipata maambukizi ya asilimia 4.9 kwa watu wazima wa Kenya nzima, lakini Homa Bay asilimia 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3 na Migori 13. Zipo sababu nyingi za takwimu hizo, na biashara ya samaki ni mojawapo. Ni gharama ambayo haikuandikwa kwenye boksi lolote la minofu.

Wapo waliokataa. Katika ufuo wa Nduru, upande wa Nyamware, wanawake walianza mwaka 2011 kumiliki boti zao wenyewe kwa msaada wa wafadhili, wakawaajiri wanaume wawavulie. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mwenye boti haombi samaki. Kwa miaka michache mambo yaliwaendea vizuri, kisha boti za mbao zikazeeka na samaki wakapungua. Mwaka 2020 ziwa lilifurika kupita kiwango chochote kilichowahi kupimwa, na Nduru ikaingia majini, nyumba na vibanda pamoja.

Ulaya nayo ilikuwa na namna yake ya kuhesabu. Kati ya 1997 na 2000 samaki wa ziwa hili alipigwa marufuku huko mara tatu: kwa vijidudu vya salmonela, kwa kipindupindu, na mara ya tatu, mwaka 1999, kwa habari kwamba wavuvi wengine walikuwa wakitia dawa za kuulia wadudu majini ili samaki waelee. Kenya ilingoja mpaka mwisho wa 2000 kufunguliwa tena. Ni haki ya mlaji kulindwa. Lakini tuangalie kilichofanyika wakati mlango umefungwa: bei ya ufuoni iliporomoka, vibarua wa viwandani wakarudishwa nyumbani, na samaki yule yule aliyeshukiwa kuwa na sumu akauzwa katika masoko yetu. Viwanda vikajenga maabara na vyumba vya vigae ili kumridhisha mkaguzi wa ng'ambo, na fuo nyingi zikabaki bila choo wala maji safi.

Gugu maji lilikamilisha picha. Lilionekana upande wa Kenya karibu na mwaka 1990, ua zuri la zambarau lililotoka Amerika ya Kusini, na kwa kuwa Winam ilikuwa imeshiba mbolea ya mashamba na uchafu wa mji, lilinawiri. Mwaka 1998 lilifunika takriban hekta 17,000 za ghuba. Meli zilikwama Kisumu, mitumbwi ikashindwa kutoka, konokono wa kichocho na mbu wakapata makao. Fukusi wanaokula mmea huo waliachiwa kuanzia 1997, na wakisaidiwa na hali ya hewa walilipunguza sana. Hata hivyo limekuwa likirudi kila mara, kwa sababu kinacholilisha hakijaondolewa.

Kinamasi cha Yala

Mwaka 2003 kampuni ya Marekani iitwayo Dominion, yenye makao yake jimbo la Oklahoma, ilikubaliana na mabaraza ya wilaya za Siaya na Bondo kukodi sehemu ya Kinamasi cha Yala. Eneo likawa karibu hekta 6,900, muda miaka 25, na zao kuu mpunga. Iliahidi ajira, shule na barabara. Ilijenga ukuta wa kuzuia maji, ikalima kwa mashine kubwa na kunyunyizia dawa kwa ndege. Wakazi walilalamika kwamba maji yaliyozuiwa yalizamisha mashamba na maboma yao, kwamba malisho na njia za kwenda mtoni zilifungwa, na kwamba fidia iliyotolewa haikutosha kununua shamba pengine. Wengine walipata kazi na kuitetea kampuni. Mwaka 2017 Dominion ikaondoka. Haikuchukua muda kabla ya kampuni nyingine kupewa ardhi ile ile kwa kilimo kikubwa cha aina ile ile.

Katika kona ya kinamasi hicho kuna ziwa dogo, Kanyaboli, lililotengwa na ziwa kuu kwa ukuta wa mafunjo. Mbuta hakuwahi kuvuka ukuta huo. Ndiyo sababu hadi leo ngege wa asili, aliyekwisha ziwani, anaishi Kanyaboli pamoja na aina kadhaa za fulu. Kwenye ramani za wapanga miradi, kinamasi cha mafunjo ni ardhi iliyo wazi inayongoja mwekezaji. Kwa kweli ndicho kichujio cha maji ya mto Yala na ghala la mbegu ya samaki aliyelisha Nyanza nzima miaka 100 iliyopita. Hakuna kipengele cha mkataba kilichowahi kumlipa mtu kwa kazi hiyo.

Vizimba

Leo viwanda vingi vya minofu vya Kisumu vimefungwa au vinafanya kazi kwa nusu ya uwezo wake kwa kukosa samaki. Mvuvi wa Kenya anayemfuata mbuta hulazimika kwenda mbali, mpaka Migingo, jiwe la nusu ekari ambalo mwaka 2009 lilikaribia kuzigombanisha Kenya na Uganda. Sokoni Kisumu, ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kuna samaki waliogandishwa waliotoka China, na mwaka 2018 jambo hilo lilimfikia Rais Uhuru Kenyatta, akataka uingizaji huo ukomeshwe.

Jibu la sasa ni vizimba. Tangu katikati ya miaka ya 2010 maelfu ya vizimba vya ngege vimetiwa majini Siaya, Homa Bay, Kisumu na Busia, vingine vya vikundi vya vijana, vingine vya kampuni kubwa. Samaki amepatikana, na anauzwa hapa hapa nchini, jambo ambalo mbuta wa viwandani hakulifanya. Hilo ni la kusifiwa. Lakini samaki wa kizimbani hulishwa, na chakula anachokiacha pamoja na kinyesi chake huzama katika maji yale yale yaliyokwisha kuchoka. Mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi katika fuo za Kisumu, Ogal ikiwa miongoni mwazo. Wenye vizimba walihesabu hasara ya mamilioni ya shilingi. Wataalamu walieleza kwamba maji ya chini yasiyo na hewa yalipanda juu. Samaki huru anaweza kukimbia maji ya namna hiyo, wa kizimbani hana pa kwenda.

Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakufikiria daftari la ukurasa mmoja. Ziwa hili limepimwa na kuandikwa tangu 1927: tani za ngege, tani za mbuta, maboksi ya minofu, tani za sukari na mpunga, na sasa idadi ya vizimba. Upande wa pili haukuandikwa na yeyote aliyekuwa na mamlaka ya kutia saini. Kila zama ililipia faida yake kwa kukopa kutoka kwa watu ambao hawakuwa mezani: wenye uzio wa mtoni, waanika fulu, wakaangaji wa Obunga, watu wa Yala.

Katiba ya 2010 inampa kila Mkenya haki ya mazingira safi, na fuo zetu zina vikundi vya usimamizi, maarufu BMU, vyenye wanachama, orodha na kanuni zilizotungwa mwaka 2007. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni sharti moja: kabla ya kizimba kingine kutiwa maji, kinamasi kukodishwa au kiwanda kupewa leseni ya kumwaga maji yake mtoni, hesabu zote mbili zisomwe hadharani ufuoni, kwa lugha ya wanaoishi hapo, na wao wawe na uwezo wa kukataa. Graham aliandika onyo lake mwaka 1929, akaliwasilisha kwa wakubwa wa London, Entebbe na Nairobi. Wavuvi wa Winam hawakusomewa, na ndio peke yao ambao wangekuwa na sababu ya kulifuata.